Madigadi ya Kushoto

Mzee Taratibu hakupewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, ingawa hata mwendo wake si wa kukimbizana na mtu. Alibandikwa karakana, enzi za ujana, kwa namna alivyokuwa akigonga bati. Mafundi wenzake wa bodi walipiga nyundo kama watu wenye ugomvi na gari. Yeye aligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Gari lililoingia limebonyea kama kopo lilitoka limenyooka, na mwenye gari alilizunguka mara tatu akitafuta lilikokwenda shimo. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, ikamwozesha, ikamsomeshea watoto, na mwisho ikamwachia sikio moja zima na jingine la kubahatisha.

Siku hizi amestaafu, kama fundi huwa anastaafu kweli. Nyundo zake saba zimelala sandukuni chini ya kitanda, zimeviringishwa vitambaa vya mafuta. Mpwa wake, binti wa dada yake, alipoona mjomba anazungukazunguka uani akigonga masufuria ya watu kwa kucha, akamtafutia shughuli ya macho. Binti huyu ananunua magari ya kale, anayafufua, kisha anayakodisha kwa maharusi. Akamfundisha mjomba jinsi ya kuyatafuta mtandaoni.

Mzee wa watu alishangaa, na mpaka leo hajamaliza kushangaa. Alidhani magari aliyoyajua ujanani yalikwisha kuyeyushwa yakawa nondo. Kumbe yapo, yote yapo, ndani ya kioo kisichozidi kiganja. Yapo yanayotembea, yapo yaliyokufa, yapo ambayo kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Tangazo moja lilisema gari linahitaji marekebisho madogo tu, na picha ikaonyesha mti umeota sakafuni na kutokea dirishani. Alikaa barazani kila asubuhi baada ya chai, miwani puani, akivuta picha kwa vidole viwili mpaka taa ya gari ikajaa kioo kizima. Mkewe akawaambia majirani kwamba uzeeni ameletewa mke mwenza, mwembamba, anachajiwa kwa umeme.

Mpwa alikuwa na sababu yake. Gari la mwisho alilonunua mtandaoni lilikuwa zuri kama bibi harusi. Miezi miwili baadaye ubavu ulipasuka kama tope la kiangazi, kwa kuwa chini ya rangi hapakuwa na bati bali puti tupu, ule udongo wa kuziba mashimo ambao mafundi wavivu hupaka unene wa mkate mzima. Alilia siku hiyo. Akaapa kwamba hatanunua tena gari lililowahi kugongwa, na hatanunua lolote mpaka mjomba aliguse na kutamka.

“Maneno ya muuzaji nayasikia tu,” alimwambia. “Neno lako ndilo ninalonunulia.”

Ndipo asubuhi moja ikaja picha. Gari la rangi ya maziwa, paa la kijani, limesimama ndani ya ua. Mmiliki mmoja tangu jipya, tangazo lilisema. Halijawahi kugongwa wala kukwaruzwa.

Fundi wa bodi haangalii rangi. Huangalia vitu vingine vilivyojikalia ndani ya rangi kama ndani ya kioo: nguzo ya umeme, ukingo wa paa, kamba ya nguo. Mstari ukienda umenyooka toka taa ya mbele mpaka ya nyuma, bati limetulia. Ukiyumba mahali, hapo pana habari. Mzee Taratibu aliifuata kamba ya nguo kwenye ubavu wa lile gari, na haikuyumba popote. Akaguna kwa kuridhika. Kisha macho yakavuka gari yakaenda nyuma yake, kwenye nguzo ya geti, na hapo, usawa wa goti, akaona kiraka cha saruji kikubwa kama sahani.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kiraka kilikuwa palepale.

Miaka thelathini na moja nyuma, mwanamke kijana alikuja karakana akihema, akaomba fundi asiyepiga kelele. Mumewe alikuwa mpima ardhi, amesafiri kikazi siku sita, na gari jipya kaliacha uani. Yeye alikuwa akijifunza kuendesha kwa siri ili mume akirudi amkute dereva. Wakati wa kutoka rivasi alikata usukani mapema, pua ya gari ikajitupa pembeni, madigadi ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, ikakumbatia nguzo. Gari lisingeweza kuonekana barabarani, kwa hiyo fundi alihamia kwake na sanduku lake. Siku tano aligonga, kipande cha chuma ndani, nyundo nje, tone kwa tone, bila chembe ya puti. Rangi aliichanganya akilinganisha na upande wa ndani wa buti, ambao jua halijauona. Mwanamke alisimama getini siku zote tano kama mlinzi. Kazi ilipokwisha alimtaka fundi aape hatamwambia mtu yeyote, na fundi, ambaye wakati huo alikuwa na masikio mawili mazima, aliapa.

Sasa shida yake mnaiona. Akisema gari halijagongwa, anamdanganya mtoto wa dada yake juu ya bati, kitu ambacho hajakifanya tangu ashike nyundo. Akisema limegongwa, anavunja kiapo cha mama wa watu nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya mumewe. Alifikiria kusingizia mgongo. Lakini chini ya woga wote huo palikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia hata mkewe: alitaka kuiona ile madigadi.

Wakaenda Jumamosi.

Mpima alikuwa mzee mrefu mkavu, suruali imepigwa pasi mstari mmoja, anayeongea kwa vipimo. Alikuwa na daftari la gari hilo tangu siku ya kwanza: kila oili, kila plagi, kila safari. Aliwaeleza kwamba macho yake hayamruhusu tena barabarani na watoto wako mbali. Kisha akataja, akigusa boneti kwa ncha za vidole, kwamba bati hili halijui ukuta wala mti wala gari la mtu. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema anachokijua.

Mkewe akatoka na sinia la chai. Alipomwona mgeni, vikombe vilipiga kelele kidogo kwenye sinia, basi. Akaweka chini. Mzee Taratibu akamsalimia kama mtu asiyemjua, naye akaitikia kama mtu asiyejulikana, na wote wawili wakaangalia sukari.

Mpwa akatoa mfukoni sumaku yake, ameivika kitambaa isikwaruze rangi. Puti haishiki sumaku, bati hushika. Ndiyo mtego wake siku hizi. Akaipitisha milango, akaipitisha nyuma, akafika madigadi ya kushoto. Sumaku ikang'ang'ania toka mwanzo mpaka mwisho kama ruba. Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie ua ule.

“Haya, mjomba. Zamu yako.”

Mzee Taratibu akachuchumaa. Alikuwa anapajua mahali, angeweza kupachora akiwa usingizini: chini ya taa, shibiri moja kuelekea gurudumu. Akafumba macho akalaza kiganja, kwa sababu kiganja huona kuliko jicho. Akakipitisha polepole, mbele, nyuma, mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna kitu. Bati lilikuwa limelala kama maji ya mtungi. Akajaribu kwa ncha za vidole, akajaribu kwa nyuma ya mkono. Alikuwa akiitafuta kazi yake mwenyewe, na haipo. Kwa muda akajiuliza kama kweli alifika hapa, kama zile siku tano hakuziota. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vya namna hii, ambavyo vikikamilika havionekani, na hakuwahi hata mara moja kurudi kuvitazama.

“Mjomba? Limegongwa au halijagongwa?”

Mpima naye akasubiri, hana wasiwasi, kikombe mkononi. Mzee Taratibu akafungua mdomo. Akamwangalia mpwa wake, akaufunga. Mwisho akasema jambo moja tu aliloweza kulisema bila kumuuza mtu.

“Mwanangu, mimi hili gari usiniulize.”

Tabasamu la binti likazimika. Akaanza kuirudisha sumaku yake mfukoni. Anamjua mjomba wake. Kama hawezi kulisemea gari, gari halinunuliwi. Mpima akaweka kikombe chini na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa kwake, kama mzee mwenzake ana maana kwamba yeye ni mwongo.

“Mwache,” mkewe akasema. “Ananifichia mimi.”

Akasimama pale katikati ya ua, mikono tumboni, akayasema yote. Hakulia wala hakuharakisha. Alieleza safari ya siku sita, rivasi, nguzo, fundi, kiapo. Mumewe alikuwa amegeuza shingo akiitazama nguzo ya geti, kile kiraka cha saruji alichoambiwa zamani kwamba ni mkokoteni wa muuza maji.

“Nimepatafuta mahali hapo kila nilipoliosha,” akamalizia. “Miaka yote. Nilitaka nipaone nione aibu. Sipaoni. Ikafika wakati nikasema labda nilijizulia.”

Mpima akafungua daftari lake, akarudi nyuma, nyuma, mpaka kurasa zikawa za njano. Akalisoma neno lake mwenyewe la wiki ile: nimerudi salama, gari lina vumbi tu. Wote walidhani atapandisha hasira, na nadhani yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini alichouliza hakikuhusu gari.

“Ndiyo maana ulikataa kujifunza? Mimi nikakubembeleza na wewe ukasema kelele za gia zinakuumiza kichwa?”

Mke akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hajashika usukani tangu siku ile.

Mpima akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Mzee Taratibu akamwambia ukweli, kwamba kwa nje hata yeye hapajui. Labda kwa ndani. Wakatandika mkeka chini ya pua ya gari, mpwa akawasha tochi ya simu. Nyuma ya madigadi, chini ya lami ya kukinga kutu, mzee akakwangua kidogo kwa ukucha, na zikatokea: alama za nyundo, mamia, ndogondogo, zimepangana kama magamba ya samaki, zimelala pale gizani tangu mikono iliyozipiga haijapata mvi. Binti akazimulika mpaka ya mwisho. Kisha akatoka, na mpima ardhi, mwenye suruali ya mstari mmoja, akalala chali chini ya gari lake. Alikaa huko muda mpaka mkewe akamuuliza kama amepata usingizi.

Alitoka na vumbi kwenye nywele.

“Nimejisifia gari lisilogongwa nusu ya maisha yangu,” akasema. “Kumbe nilikuwa namsifia huyu bwana.”

Mpwa akasema analichukua, kwa bei ileile. Alichokuwa anakiogopa ni uongo na puti, na hapa hapana kimoja kati ya hivyo. Mpima akaandika kwenye daftari, ukurasa ule ule wa njano, mstari mpya pembeni: madigadi ya kushoto ilinyooshwa. Akamwomba fundi aweke jina lake. Mzee Taratibu aliishika kalamu kama mtu anayeshika kifaranga. Katika magari yote yaliyopita mikononi mwake, hajawahi kuandikwa mahali.

Zikabaki funguo. Binti alinyoosha mkono kuzipokea, lakini mpima akampita, akaziweka kiganjani mwa mkewe. Akasogea kando ya njia. Mama alizitazama, akamtazama mumewe, akavua kandambili zake akaziacha barazani zikiwa sambamba. Akapanda. Geti lilikuwa nyuma yake, jembamba kama lilivyokuwa.

Fundi akaenda kusimama kwenye nguzo, akaweka mkono juu yake.

“Usikate usukani mpaka pua itoke,” akamwambia. “Hata mimi nikipiga kelele, usikate.”

Injini ikakohoa ikashika. Gari likaanza kurudi, taratibu, taratibu ya kweli, mpaka mtu angeweza kuhesabu nati za gurudumu. Buti ikapita. Mlango ukapita. Madigadi ikafika, na kati yake na saruji hapakuwa na zaidi ya upana wa kiganja. Mzee akainama. Ile nguzo ilikuwa imeingia ndani ya rangi ya maziwa, yote, na kiraka chake, na mkono wa mzee juu yake, ikitembea kwenye bati toka mlangoni kwenda kwenye taa. Ikafika palepale, chini ya taa, shibiri moja kuelekea gurudumu. Haikuyumba. Ikapita imenyooka kama uzi wa mwashi wenye timazi, ikatoka upande wa pili, na jua likabaki peke yake.

Huko nje injini ikazimika ghafla, miguu ya mama ilikuwa imesahau klachi. Akatoa kichwa dirishani.

“Nimepita?”

Mzee Taratibu alikuwa bado ameinama, akipatazama mahali ambapo gari halipo tena.

“Umepita, mama,” akasema. “Umepita.”