Sauti Moja Nisiyoiga

Jana mvua ya kwanza ya Oktoba ilishuka juu ya mabati ya shule yetu, na mwalimu wa Kifaransa akafunga mdomo katikati ya imla. Mabati yale yakipigwa, hata Mungu mwenyewe hawezi kusomesha. Darasa zima likanigeukia mimi, maana mimi ndiye redio yao: naiga mbuzi, naiga pikipiki iliyokataa kuwaka, naiga mkuu wa shule akipenga kamasi. "Weye, tufanyie sirene ya mine!" wakapiga kelele. Nikawafanyia mbuzi. King'ora cha mgodi sikifanyi. Wewe, rafiki, nitakuambia kwa nini. Wale wangecheka tu.

Nilipokuwa na miaka tisa tulikaa upande wa Mashamba. Milima yetu kule tuliitengeneza wenyewe: udongo uliotolewa migodini, ukarundikwa mpaka ukaziba jua la jioni. Mvua ilitokea nyuma yake. Kwanza harufu ya vumbi lililolowa kwa watu wengine, kisha upepo wa kupindua manyoya ya kuku, kisha radi. Ikishanyesha, inswa, wale kumbikumbi wenye mabawa, walibubujika ardhini, nasi tuliwakimbiza na mabeseni. Wengine tuliwala papo hapo, mabawa yakabaki kwenye meno. Waliobaki nkambo, yaani bibi yetu, aliwakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, wakaliwa pamoja na bukari, ugali wetu, ya moto. Sijala kitu kitamu kama kile, na sitaki kubishana.

Shida ilikuwa radi. Ikinguruma tu, nkambo alifunika kioo kwa kitenge, akatukalisha kwenye mkeka: marufuku kucheka, marufuku kupiga mluzi, mpaka mbingu inyamaze. Lakini kabla ya hayo yote alishika kifuniko cha sufuria, akaenda nyuma ya jiko, akakipiga mara tatu kwa mwiko juu ya shimo. Mtaani kwetu karibu kila ua ulikuwa na shimo lake, na ndani ya letu alikuwemo yaya, kaka yangu mkubwa, akichimba madini kwa tochi ya kichwani. Kule chini radi haifiki. Kifuniko kinafika. Yaya alipanda mwekundu kama tofali, na kila mara aliuliza neno lile lile: "Nkambo, ni mvula ao bukari imeiva?"

Sasa, mgodi mkubwa nao ulipiga king'ora mchana, kisha ukalipua miamba, na mlipuko ule ni radi kabisa. Nkambo alijiwekea sheria ya kuzitofautisha: "Sirene mbele, ngurumo nyuma, njo mine. Ngurumo bila sirene, njo Mungu." Na mimi, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa na kipande cha mpira wa maji. Nikikipuliza vizuri, mbwa wa mtaa mzima walijibu.

Siku ile mawingu yalikuwa meusi tangu saa nane mchana. Mkeka sikuutaka. Nilitaka kuwa wa kwanza kwenye inswa. Nikajificha nyuma ya choo, nikapuliza king'ora kirefu, na mkia wake wote. Radi ikafuata hapo hapo, kama vile tulipatana. Nikamsikia nkambo akimwambia jirani, "Hapana kuogopa, mama, ni mine tu," akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Yaya nilimsahau. Ndiyo hivyo tu. Maelezo mengine sina.

Mvua haikuanza, ilimwagwa. Maji mekundu yaliteremka kutoka kwenye rundo la udongo, yakapita jikoni bila kubisha hodi, yakaingia shimoni. Nkambo alikimbia na kifuniko, akapiga, akapiga, wala si mara tatu tena. Wanaume walimtoa yaya kabla giza halijaingia. Jioni ile inswa walitoka wengi kuliko mwaka wowote, wakawaangukia watu wa kilio mabegani, na hakuna aliyewaokota.

Kwenye kilio nkambo alirudia neno moja tu: "Sirene ililia. Mi nilisikia na hii masikio." Wanaume wakatazamana. Mgodi haukulipua kitu siku ile. "Mama amezeeka," jirani akanong'ona, "masikio imeisha." Nilikuwa nimekaa pale pale, mpira wangu umejikunja ndani ya kaptula. Nikausukuma ndani zaidi. Polepole nkambo naye akaamini kwamba masikio yake ndiyo yaliyomuua mjukuu wake.

Mtaa ule haupo tena, uzio wa mgodi umeumeza, pamoja na jiko, kinu na shimo. Tulihamishiwa nyumba yenye ua wa sementi, ambako inswa hawana pa kutokea. Kioo ni kipya. Kitenge ni kile kile.

Jana nilirudi kutoka shule nimelowa chapachapa. Nkambo alikuwa amesimama mlangoni na kifuniko mkononi. Ngurumo ikapita.

"Weye uko na masikio muzuri," akaniambia. "Ile ni mine ao ni Mungu?"

King'ora nilikuwa nimekisikia njiani, wazi kabisa, kabla ya ngurumo ile.

"Ni Mungu, nkambo." Hilo ndilo jibu langu, kila mara, hata king'ora kikilia: kifuniko kisinyamaze tena kwa ajili yangu.

Akainama juu ya sementi, akapiga mara tatu, akatega sikio.

"Inatosha?"

"Piga tena, nkambo."