Bi Harusi wa Ghorofa ya Nne

Hosiyat alikuwa mshonaji wa magodoro ya pamba mjini Marghilon, yale membamba marefu ambayo binti haolewi bila kwenda nayo rundo zima linalokaribia dari. Alishona kwa mkono, hapimi wala hachori, na ulimi wake ulikuwa mkali kama sindano yake. Bi harusi akilalamika kwamba godoro ni gumu, Hosiyat humwambia asubiri apate mume mvivu, litalainika tu. Watu walimpenda sana, ingawa walipenda kukaa mbali kidogo.

Mumewe alikuwa amefariki, binti yake ameolewa mji mwingine, na kijana wake Odil, fundi wa majiko ya gesi, alikuwa amepita miaka thelathini bila mke, jambo ambalo mtaa mzima uliliona kama msiba wao wenyewe. Nyumba ile ya ua walikaa watatu: mama, mwana na paka.

Paka aliitwa Oyimcha, yaani bibie, kwa sababu ya maringo. Alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi ambao yeye ndiye aliyeuanza. Alizaliwa nyuma ya tanuri la mkate pale uani, na juu ya tanuri hilo ndipo alipolala maisha yake yote, maana joto lake hukawia kuisha. Ndani ya nyumba hakuwahi kuingia ila kwa wizi, na akiwa na wizi wake mdomoni alijua kutoka.

Mwaka ule barabara mpya ikaamua kupita sebuleni kwa watu. Mtaa ukavunjwa, kila mwenye nyumba akapewa makazi kwenye jengo la ghorofa, huyu upande huu wa mji, yule upande ule. Hosiyat na Odil wakapata ghorofa ya nne, ng'ambo ya barabara kuu. Odil alimbeba Oyimcha ndani ya boksi la majani ya chai lililofungwa kamba, na njia nzima boksi lile lilikuwa likitukana. Walipolifungua, paka akachomoka, akaingia chini ya beseni la kuogea, hakutoka usiku kucha.

Asubuhi yake Hosiyat akafungua mlango apeleke taka. Kitu kikampita miguuni. Alipofika dirishani, Oyimcha alikuwa chini tayari, anakata barabara kuu kati ya malori, mkia umesimama.

Walimkuta kwenye ua wa zamani, juu ya tanuri lake. Nyumba ilikwisha ezuliwa paa, milango imechukuliwa, na paka amekaa pale kana kwamba anawasubiri wenye nyumba warudishe vitu vyao.

Odil akashika kiuno. "Mama, tumwache tu. Huyu ni wa nje. Kazaliwa nje, kakulia nje."

"Alhamisi tingatinga linakuja hapa."

"Atakimbia, mama."

"Atakimbilia wapi? Kwenye malori? Uliona alivyovuka leo, au na wewe ulifumba macho kama mimi?"

Odil akakuna shingo, kwa sababu kweli alikuwa amefumba. Hosiyat akaweka mkono juu ya tanuri. Lilikuwa la baridi. Aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa hovyo. Majirani aliozeeka nao walikuwa wametawanywa, ua umekwenda, na katika yote aliyoyazoea kilichobaki chenye uhai, ukimtoa Odil, kilikuwa paka huyu. Akitoroka mara nyingine ndiyo basi tena.

Wazo lilimjia wakiwa garini kurudi, paka ametiwa tena boksini, boksi likiwa mapajani mwake linanguruma.

"Tumekosea, Odil. Tumemhamisha kama kabati. Huyu ni bi harusi."

"Nani?"

"Oyimcha. Katolewa kwao, kaingizwa nyumba ya watu, hajui hata choo kiko wapi, halafu tunashangaa anakimbia. Mimi nami ningekimbia kama ningejua njia. Atakaa chila."

Chila ni kama fungate, ila ya watu hawa ni ndefu: siku arobaini bi harusi hatolewi nje ovyo, haachwi peke yake, hakaripiwi, na halazimishwi kuongea mpaka mwenyewe atake.

"Mama, tafadhali," Odil akasema, "usiwaambie watu maneno hayo."

"Watu gani? Kuna anayetusalimia pale?"

Hapo alisema kweli. Kwenye jengo lile milango ilikuwa ya chuma, na kila mlango umefungwa.

Hosiyat akaanza kazi. Akatoa sandukuni pazia la hariri alilofichwa nyuma yake alipoolewa yeye, akalitundika pembeni mwa chumba. Nyuma yake akatandika godoro kuukuu la uani, lile lililokaa miaka kando ya tanuri, na akakataza lisifuliwe. Odil akatumwa kuleta udongo wa ua ule, magunia mawili, akaupandisha ngazi zote mgongoni ili bibie apate pa kujisaidia panapofanana na kwao.

"Niambie mama," Odil akahema mlangoni, "bi harusi gani anayeletewa udongo?"

"Wa kwako utamletea dhahabu. Mwaga hapo, kwenye karai."

Jambo gumu lilikuwa kutomtazama. Hosiyat alikumbuka siku zake mwenyewe nyuma ya pazia lilelile, akiwa na miaka kumi na tisa, akilia mpaka macho yakavimba. Mama mkwe wake, mwanamke asiyejua neno tamu hata moja, alikuwa akiingia na bakuli la supu, analiweka chini, anatoka bila kumtupia jicho. Siku moja Hosiyat akajikuta analisubiri lile bakuli. Basi naye akawa anaweka maini ya kondoo yaliyokatwa vipande vidogo, anarudi kwenye pamba yake, anakaa na mgongo umeelekea pazia, anashona na kusema peke yake: bei za sokoni, ndoto zake, kasoro za wakwe wa binti yake. Maini yakaisha kabla hajafika kwenye kasoro ya tatu.

Polepole, pazia likaanza kutikisika mchana. Halafu pua. Halafu sikio lililochanika. Hosiyat akafunga unyoya wa njiwa kwenye uzi, akawa anaukokota sakafuni huku akijifanya anatafuta sindano, na siku ambayo kucha ziliukamata unyoya alishindwa kujizuia, akacheka peke yake chumba kizima. Akasogeza kigoda dirishani ili bibie aone ndege. Na kwa kuwa bi harusi haachwi peke yake, Hosiyat mwenyewe hakutoka. Sokoni alikwenda Odil, taka alishusha Odil.

Asubuhi moja akasimama kwenye roshani, akampigia simu binti yake. Hosiyat huamini kwamba mtu akiwa mbali lazima apigiwe kelele.

"Bado ana haya! Anajificha nyuma ya pazia! Lakini jana katoka, kakaa karibu na Odil, kamtazama sana! Ee! Maini kila siku, Odil analeta mwenyewe! Hapana, hatoki mtu, mpaka chila iishe! Mzuri? Mzuri sana, ila ana hasira!"

Kwenye roshani ya jirani, Bahriniso alikuwa anaanika shuka. Huyu alipikia watoto wa chekechea hadi akastaafu, na tangu astaafu alikuwa na masikio mengi kuliko kazi. Akaacha shuka lining'inie upande mmoja. Alikwisha mwona kijana yule na nyama kila jioni. Alikwisha liona pazia la harusi kupitia dirishani. Sasa mambo yote yakakaa mahali pake.

Siku iliyofuata mlango ukagongwa. Hosiyat akafungua kidogo, mguu ukiwa tayari kuziba upenyo. Ngazi zilijaa wanawake. Walikuwa na masinia yaliyofunikwa vitambaa, mikate ya tanuri, sukari ya mawe, lozi, na mbele yao Bahriniso, uso umenuna kwa heshima.

"Mwenzangu," akasema, "umemwoza kijana kimya kimya, sawa. Sisi wageni kwako, sawa. Lakini bi harusi yumo jengoni mwetu na hatujamwona uso? Tutawaambia nini watu?"

"Jirani, subiri nikueleze."

"Utatueleza tukiwa tumekaa. Tupishe, masinia ni mazito."

Hosiyat alijua kwamba sinia likirudishwa mlangoni, undugu umekufa kabla haujazaliwa. Alijua pia kwamba mlango ule haukupaswa kuwa wazi. "Basi ingieni upesi," akasema. "Upesi, na mtu wa mwisho afunge! Na msipaze sauti, ameanza tu kuzoea."

"Maskini," wanawake wakanong'ona, wakivua viatu. "Yatima?"

"Yatima," Hosiyat akasema, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Wakakaa kuzunguka kitambaa cha chakula. Kila Hosiyat alipofungua mdomo aeleze, mmoja aliuliza jina, mwingine aliuliza kwao wapi, wa tatu akauliza anajua kupika nini. "Anajua kukamata panya," Hosiyat akasema kwa kukata tamaa, wakamwambia ni fumbo zuri. Mwisho Bahriniso akainuka, akachukua ushungi mpya wa hariri aliouleta kuwa zawadi ya kufunua uso, akasoma bismillahi na kuvuta pazia.

Oyimcha alikuwa amelala juu ya godoro lake. Akafungua jicho moja.

Wanawake wakarefusha shingo. Kisha Bahriniso akasema, kwa sauti ya mtu aliyewapikia mamia na haoni tena la kumshangaza, "Kweli ana hasira."

Wakaangua kicheko mpaka lozi zikamwagika. Hosiyat alitaka kuona aibu ikashindikana, akacheka kupita wote, machozi yanatoka, akieleza vipande vipande: ua, tanuri, malori, chila. Na katikati ya kicheko hicho Odil akafungua mlango, mfuko wa maini mkononi.

"Bwana harusi huyo!" mmoja akasema, na wote wakaanza kumwimbia nyimbo za harusi na kupiga makofi. Odil akaganda, mlango umeachama nyuma yake.

Oyimcha akaruka. Akapita juu ya mikate, katikati ya miguu ya Odil, akatoka.

Nyimbo zikakatika. Odil akageuka akimbie.

"Simama," Hosiyat akasema. "Ukimkimbiza atashuka. Kaa chini. Acha mlango hivyo hivyo."

"Mama, barabara..."

"Najua iko wapi. Kaa. Nanyi, wenzangu, tazameni mikate yenu."

Wakageuza nyuso, wakawa wanamega mikate polepole, hakuna anayemeza. Hosiyat akachukua sindano, akajaribu kutia uzi, uzi ukagoma. Malori yalisikika vizuri sana kutoka chini. Aliona hasara yote mbele yake, na aliona pia kwamba hana la kuongeza: alikwisha weka bakuli, alikwisha geuza mgongo, sasa ni juu ya huyo aliyepo ngazini. Akaanza kusema peke yake, kama kila siku. Alisema lozi za mwaka huu ni ndogo. Alisema wakwe wa binti yake bado hawajajirekebisha.

Mlangoni kikapita kivuli kifupi. Oyimcha aliingia kwa mwendo wake wa maringo, kama mtu aliyekwenda kuangalia kama mvua imeanza. Hakuelekea pazia. Alikuja hadi ukingoni mwa kitambaa, mbele ya wanawake wote, akasimama, akanyoosha mikono yake miwili mbele, akainamisha kifua na kichwa hadi sakafuni, akajinyoosha kwa raha zake zote.

Hivyo hasa ndivyo bi harusi wa kule anavyowainamia wakubwa asubuhi ya kwanza nyumbani kwa mumewe, na mkubwa aliyeinamiwa haruhusiwi kunyamaza. Bahriniso akaweka mkono kifuani bila kutabasamu.

"Waalaikumu salamu, mwanangu. Uishi sana, uzeeke nyumba hii." Akauweka ule ushungi wa hariri mbele ya paka, na paka akaukalia.

Odil akafunga mlango taratibu. Hosiyat alikuwa analia waziwazi na hakujali nani anaona. Birika akalisahau mkononi, ikabidi mgeni ammiminie mwenyeji chai.

Walipokuwa wanavaa viatu, Bahriniso akageuka. "Na wewe, mwenzangu, chila yako inaisha lini? Tangu umehamia hatujakuona hata uwanjani."

Safari hii Hosiyat akauweka kando ulimi wake mkali. "Sikujua kama kuna wa kuniita," akasema.

"Basi umeitwa. Kesho saa kumi, chini, kwenye mabenchi. Njoo na kazi yako, nina mjukuu anaolewa na anataka magodoro. Bi harusi atabaki na mumewe." Akamnyooshea Odil kidole.

Kesho yake Odil akabaki na paka, wote wawili wamenuna. Hosiyat akavaa gauni lake la hariri ya Marghilon, akafunga kichwa upya mara kadhaa mbele ya kioo, akashuka ngazi kwa hatua ndogo za mtu anayekwenda kwa wakwe, macho chini, na moyo unamdunda.