Shangazi Asiyekuwamo Kitabuni

Jumamosi moja asubuhi nilisimama mbele ya wasichana wa kidato cha nne, hapa Siakago, nikiwasihi wasome riwaya teule, wasitosheke na filamu yake. Mimi ndiye muuza vitabu, na shule ilikuwa karibu kuniagizia nakala za darasa zima. Nikasimulia, machozi yakinilenga, jinsi shangazi anavyofia shambani akipalilia ndengu.

Msichana mmoja akainua mkono. "Madam, hiyo iko ukurasa gani?"

"Soma kwa makini, mwanangu."

"Nimesoma mara mbili. Huyo shangazi ako kwa filamu tu."

Wakaangua kicheko. Mwalimu aliyenialika akaninong'oneza, "Kwani hukusoma?"

Wiki tatu baadaye nilimwandikia barua: "Mwalimu, sasa nimekisoma chote. Niwie radhi, filamu ni nzuri zaidi."