Lafudhi ya Kuazima

Kosa langu la mwanzo hapa Doha, mdogo wangu, lilikuwa kuionea haya sauti yangu. Sina umri wa kukuita mwanangu. Nimekutangulia kushuka kwenye ndege tu. Lakini aliyetangulia njiani ndiye huonyesha lilipo shimo.

Nakumbuka mchana mmoja katika chumba cha simu cha hoteli huko West Bay. Nilikuwa nimetolewa getini nilikokuwa mlinzi, kwenye jua, nikawekwa humo kwa majaribio. Nikishindwa, narudi juani. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa video, nikachagua lafudhi ya London, nikaifanyia mazoezi bafuni mpaka wenzangu wa chumba kule tulikopanga, Abu Hamour, wakawa wananigongea mlango.

Kazini tulizoea kulinganisha matamshi. Chukua neno lao la maji tu. Mwingereza hulivuta, Mmarekani huilainisha t mpaka inakaribia r, Mhindi huanza na v, na Kamau wa Nyeri huligonga kama anapigilia msumari. Mimi nilimeza nusu yake, nikidhani ndiyo ustaarabu.

"Salim," Kamau aliniuliza, "ukitoka Tanga, ni ndege gani ilikupitisha London?"

Nilicheka nao. Moyoni nilijiona nimewazidi wote.

Mchana huo akapiga simu mgeni mzee, Mskochi, akizungumza kwa haraka. Sikuambulia kitu. Kumwomba arudie niliona aibu, kwa kuwa niliamini anayejua Kiingereza haulizi. Nikamjibu kwa madaha kwamba nashughulikia mara moja, nikakata simu. Kisha nikabaki nimekaa, sijui nimeahidi nini.

Simu ikalia tena. Bi Rehema, mama wa Mombasa aliyekuwa msimamizi wetu, akaniona ninavyoitazama, akaipokea yeye. Kwa Kiingereza chenye Mombasa yote ndani yake akamwomba mzee aseme polepole. Kumbe mkewe ana kisukari, sukari imeshuka, anatetemeka. Mzee alitaka juisi na daktari. Vikaenda vyote viwili mbio, na yule mama akapata nafuu.

Bi Rehema hakunigombeza mbele ya watu. Alingoja wenzangu watoke kwenda kula.

"Mwanangu, yule mzee alikuwa akisema nawe, na wewe wajisikiliza mwenyewe," aliniambia. "Sasa mkewe angesikilizwa na nani?"

Akaniongezea mwezi wa majaribio, kwa sharti moja: nisipoelewa, niseme sijaelewa.

Basi nasaha yangu ni hii. Jifunze Kiingereza, tena kwa bidii, mimi bado najifunza. Sikiliza anavyotamka Mskochi, Mnepali na Mfilipino, ili uwaelewe, si ili uwe wao. Mkataa kwao mtumwa, na ulimi nao una kwao. Sema taratibu, maliza maneno yako, na usiogope kumrudisha mtu nyuma aseme tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza kunaweza kumuumiza mtu ambaye hata hujamwona.

Mungu akupe sikio pana kuliko mdomo, na riziki isiyokutaka ujifiche.

Mimi nilithibitishwa kazini. Sasa napokea simu kwa Kiingereza cha Tanga, na nisiposikia vizuri namwomba mgeni arudie.