Barafu Juu ya Tembe la Shangazi

Nimeona vingi vya kutia kinyaa, lakini watu wa mtaa wetu walinishinda mchana ule mvua ya mawe ilipokipiga kijiji chetu cha Daudi. Ilinyesha nusu saa tu. Ilipokoma, kila kitu kilikuwa cheupe: njia, maharage, hata migongo ya ng'ombe. Kuku wangu wawili walilala mlangoni wamekufa, manyoya yamegandana. Zizini barafu ilikuwa imechanganyika na samadi ikawa uji wa kijivu unaonuka, nami nikautumbukiza mguu mzima, kandambili ikabaki humo humo. Nilitaka kutapika.

Muda wa kutapika sikuwa nao. Shangazi yangu, dada yake baba, anayeishi juu kidogo ya kwangu, ndiye pekee mtaani aliyebaki na tembe: nyumba ya paa bapa la udongo, nyuma imechimbiwa mlimani. Sisi wengine tuna mabati, barafu inateleza yenyewe. Juu ya tembe inakaa. Ikikaa inayeyuka, udongo unalowa, unakuwa mzito, na miti ya paa lile ilishazeeka. Mwanawe anayeishi mjini Katesh alikuwa amemwambia wazi: siku paa likianguka, nakuja kukuchukua, na sitaki ubishi. Shangazi hakutaka hata kuisikia Katesh.

"Nikafanye nini huko? Nikae barazani niangalie malori ya Singida?"

Nikachukua jembe nikapanda kwake. Shangazi alikuwa amesimama uani, kajifunga shuka mbili.

"Pita ukingoni, mwanangu," akaniambia. "Kanyaga juu ya ukuta tu. Barafu ya katikati ivute kwa jembe."

Nilijua. Nililelewa chini ya paa la namna hiyo hiyo. Nikapanda paani, nikawa navuta taratibu, namwagia upande wa korongo, mpaka vidole vikafa ganzi.

Ndipo majirani wakaja. Nilifurahi, mjinga mimi. Kumbe wamekuja kupiga picha!

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba."

Shikamoo nzuri kabisa, yenye adabu zote, halafu simu juu. Mmoja, mwanamume mwenye ndevu zake na watoto watatu, akajilaza chali kwenye barafu anapunga mikono: "Ulaya imehamia Daudi!" Mwenzake akaokota barafu palepale mbuzi wa shangazi wanapolala, akatia mdomoni, anamumunya, anachekelea. Ptuu! Na mama mmoja ninayeimba naye kwaya akaniomba nisogee kidogo, eti namharibia picha ya mlima. Jamani! Mimi na jembe langu tunaharibu picha.

Nikasonya. Halafu mdomo ukanifunguka, na sifichi, niliwatukana.

"Hamna haya hata chembe! Mnampa bibi shikamoo huku mnangoja nyumba yake ianguke? Watu wazima mnamumunya mavi ya mbuzi! Pandeni huku! Pandeni wote, nyie!"

Aibu iliwashika. Simu zikaingia mifukoni, yakatafutwa makoleo, wakapanda, sita au saba, na mabuti yao, wakaenda moja kwa moja katikati kwenye barafu nyingi. Watu wa mabati hao, wangejuaje? Mimi nilijua. Niliwaona kwa macho yangu wakikanyaga katikati, na bado nilikuwa nashughulika kutukana. Shangazi alipaza sauti kutoka uani. Sikumsikia kwa kelele zangu mwenyewe.

Mti mkubwa wa katikati ulilia mara moja. Kisha paa likazama na watu wake, polepole, kwa namna ya kuudhi kabisa. Aliyeumia zaidi alichubuka goti. Walitoka mmoja mmoja wamepakaa tope na masizi, wanatema mate. Kitanda cha shangazi, magunia yake ya mahindi, vyungu, vyote vilikuwa chini ya uchafu ule.

Mtu mmoja alikuwa ameshampigia simu mwana wa shangazi kule Katesh. Alisema anakuja na gari kesho asubuhi.

Nilikaa juu ya kipande cha ukuta kilichobaki. Kile kinyaa nilichokuwa nawaonea wenzangu kilikuwa kimenigeukia mwenyewe. Nilingoja shangazi anitukane. Nilitamani anitukane, tena mbele yao wote.

Badala yake aliwapitia wale watu mmoja mmoja, akawashika mikono yao yenye tope. "Ahsante, mwanangu. Pole, mwanangu." Hata yule wa barafu ya mbuzi alipewa yake, akainamisha kichwa. Kisha akanifikia mimi, akanishika mikono yote miwili. Nilimtazama usoni nitafute kejeli, nikaikosa.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema. "Bila wewe wasingepanda."