Siku za Maji Lori Lilinyamaza

Fundi mkuu wa karakana ya ushirika mjini Musoma aliusikiliza mlio ule mara mbili tu. Aliniambia niondoe lori, nisimame, kisha nirudi nyuma, naye akabaki kando, mikono mgongoni, kama mwalimu wa zamu. Kila nilipoachia klachi, chini kule nyuma kulilia "ngo!", mlio mmoja mzito, kama pipa tupu lililogongwa na nyundo ya mbao. Nilipokanyaga breki ulilia tena.

"Hiyo ni difu," alisema. "Leo Jumanne. Jumatatu lilete tulifungue. Nikikuta meno yamekatika, ndugu dereva, funguo utaziacha hapa mezani."

Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo hugawa nguvu ya injini kwa gurudumu la kulia na la kushoto. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ilikuwa afadhali uvunjike mguu kuliko lori livunjike difu, kwa sababu mguu ulipona na difu mpya haikupatikana. Dereva aliyeiua alihesabiwa kuwa ameiua kwa kukurupusha klachi. Mwenzangu wa kijiji cha jirani alikuwa ameshanyang'anywa lori lake kwa kosa hilo, na wakati ule alikuwa analima pamba kama watu wengine.

Mimi niliendesha lori la kijiji chetu, upande wa Butiama. Lilikuwa moja tu. Udereva nilijifunza kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, kwa mzee mmoja aliyenipiga vibao vya mkono kila nilipobadilisha gia kwa kelele. Sikuwa mvivu wa jembe, lakini kuendesha ndiyo kazi pekee niliyoweza kusema kwamba naijua. Na nilijua sikulikurupusha lori lile hata siku moja. Niliondoka karakana, nikapita mtaa wa Kitaji taratibu dirisha likiwa wazi, nikisikiliza, na kabla sijatoka nje ya mji nilikuwa nimeamua kwamba kabla ya Jumatatu nitajua mlio ule unatoka wapi.

Jumatano asubuhi nilianza na yale niliyofundishwa kambini. Nilizuia magurudumu kwa mawe, nikazima injini, nikaacha gia huru, nikalala chini ya lori. Nilishika propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu, nikalizungusha huku na huku kwa mikono miwili. Kwenye ncha zake kuna viungo tunavyoviita krosi. Vikichakaa, propela hucheza na kugonga. Zangu zilikuwa imara. Kwenye difu kulikuwa na mchezo mdogo, upana wa kucha, ambao kila difu iliyofanya kazi huwa nao. Halafu nikafungua bolti ya kutilia oili, nikaingiza kidole, nikapangusa kwenye kitambaa cheupe cha kanisani ambacho mke wangu hajanisamehe hadi leo. Oili ilikuwa nyeusi, lakini laini. Difu inayokufa hutema vumbi la chuma, na mle hamkuwa na hata chembe.

Nilishuka moyo badala ya kufurahi. Nilijua sasa mahali ambapo mlio hautoki, na fundi mkuu asingekubali kitambaa kama ushahidi.

Nilikuwa na tabia moja ambayo wenzangu waliicheka. Ushirika ulitudai tuandike kila safari kwenye daftari: tulikotoka, tulikokwenda, tulichobeba. Mimi niliongeza mambo yangu pembeni, hali ya barabara, mvua, nani alipanda, gari lilisema nini. Tangu mlio uanze, mwanzoni mwa kiangazi, nilikuwa naweka alama ya msalaba niliposikia, asubuhi na jioni. Alhamisi, tukiwa kwenye foleni ya malori ya pamba pale Bunda, nililitoa daftari na kulipekua ukurasa kwa ukurasa.

Kando yangu alikaa karani wa pamba wa kijiji, mke wa kaka yangu. Alikuwa mama mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili, na hakuna mkulima aliyewahi kumbishia kwenye mizani.

"Shemeji, hayo makaburi ya nani?" aliuliza, akichungulia misalaba.

"Ya lori."

"Limekufa mara nyingi hivyo na bado linatubeba? Hebu lete."

Alilichukua. Alikuwa mtu wa safu na mistari. Kazi yake ilikuwa hiyo. Alipitisha kidole chini ya kila wiki, akarudi juu, akapitisha tena. Mimi nilikuwa natafuta sababu kwenye pamba: siku za mzigo mkubwa, siku za mzigo mdogo. Yeye alitazama kitu kingine.

"Siku tukienda kuchota maji, asubuhi linaliaga," alisema. "Jioni haliliagi. Na kesho yake asubuhi haliliagi. Angalia hapa. Na hapa. Na hapa."

Nilitazama. Ilikuwa kweli, kila wiki.

"Gari lako linapenda kuoga, shemeji. Kuliko wewe."

Watu wa lori lililokuwa mbele yetu walicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri. Wakati wa kiangazi visima vyetu vilikauka, na kamati ya kijiji ilikuwa imeamua kwamba kila wiki siku moja lori liende kwenye mto upande wa Bugwema kuleta maji. Nilikuwa naingiza lori kinyumenyume mtoni hadi maji yafunike ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, ili wanawake wajaze mapipa wakiwa wamesimama pale pale, wasibebe madebe kupanda ukingo. Tulikaa mle muda mrefu, hadi pipa la mwisho lijae.

Uzito haukuwa sababu, kwa kuwa mapipa ya maji hayakuwa mepesi kuliko pamba. Barabara haikuwa sababu, maana ya Bugwema ilikuwa na mashimo kuliko ya Bunda. Kilichobaki ni kimoja, kwamba huku nyuma palikuwa na kitu ambacho kikilowa kinanyamaza. Na ndani ya difu maji hayaingii.

Ijumaa ilikuwa siku ya maji. Tulikwenda likilia na kurudi likiwa kimya. Jumamosi asubuhi lilikuwa kimya vilevile, nikazunguka nalo uwanjani mbele ya ghala bila kusikia chochote. Nikaliacha juani, nikangoja, na karani naye alingoja na mimi, ingawa alisema ana mahindi ya kupukuchua. Jua lilipofika utosini niliondoa gari. "Ngo!"

Nilichukua chaki yake ya kuandikia magunia. Nilichora mstari kutoka kwenye springi hadi kwenye ekseli chini yake, upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Nikamwomba shemeji atembee kando ya lori huku nikiondoka na kusimama.

"Nitembee kama napeleka ng'ombe mnadani?"

"Hivyo hivyo. Sikiliza linapolilia."

Alitembea, kitenge amekikaza kiunoni, sikio amelielekeza chini. Niliondoka, nikasimama, nikaondoka tena. Alipiga kofi kwenye ubavu wa bodi.

"Si katikati! Ni huku, gurudumu la kulia. Na chaki yako imekatika."

Nilishuka mbio. Mstari wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia ulikuwa umegawanyika, nusu ya juu imebaki kwenye springi na nusu ya chini imesogea na ekseli karibu upana wa kidole. Ekseli ya upande huo ilikuwa inasukumwa mbele nilipoondoka na kurudi nyuma nilipofunga breki, ikigonga springi kila safari. Yubolti, zile bolti ndefu zilizopindwa ambazo hufunga springi na ekseli pamoja, zilikuwa zimelegea. Nati ya kwanza niliigeuza kwa vidole, bila spana.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokuwa nimeweka mle, na nikakaa chini kwenye vumbi.

Wakati wa masika springi ile ilikuwa imekatika bolti yake ya katikati, na kipande cha chuma kinachokaa kati ya springi na ekseli kilipotelea matopeni. Musoma walisema hakipo, tungoje. Baba mkwe wangu alikuwa mhunzi. Alisema hakuna haja ya kungoja. Alikata ngozi ya shingo ya fahali, iliyo nene kuliko zote, akaikunja mara mbili, akaniambia niifunge ikiwa mbichi. "Ikikauka itabana," alisema, na mimi nilikubali, na kamati nzima ilikubali, kwa sababu kila mmoja wetu alilijua jambo hilo tangu utotoni. Mpini wa jembe ukipasuka, kwetu huvishwa ngozi ya mkia wa ng'ombe ikiwa mbichi. Ikikauka hubana hadi mpini unakuwa mgumu kuliko ulipokuwa mzima. Hakuna aliyefikiri kwamba ngozi ya mpini iko nje na imezunguka, na hii ya kwetu ilikuwa katikati, imelaliwa. Ile ya nje ikisinyaa inabana. Hii ya katikati ilisinyaa ikawa nyembamba, na bolti zikakosa cha kubana. Masika ilikuwa imelowa, ikawa nene. Kiangazi ilikauka, na mtoni ilirudia unene wake kwa siku moja.

Kwetu mkwe hukaa mbali na baba wa mke wake, wala hamkazii macho. Nilisimama nje ya banda la mhunzi alasiri ile, kipande cha ngozi nilichokichomoa chini ya springi kikiwa mkononi, nikitazama ardhi.

"Baba, shikamoo. Ngozi imekauka."

"Marahaba. Ngozi hukauka. Ndiyo kazi yake."

"Imekauka ikapungua. Springi inacheza."

Alinyoosha mkono. Aliigeuza ile ngozi, iliyokuwa ngumu na nyembamba kama gome, akaiuma pembeni, akaitazama tena. Kisha alicheka peke yake, kicheko cha puani.

"Mpini umetudanganya," alisema. "Lete lori."

Alikuwa na bapa la jembe la plau lililochakaa. Alilikata likiwa jekundu motoni, akatoboa tundu la katikati, akalinyoosha kwa nyundo hadi likalala sawa juu ya fuawe. Nilipandisha bodi kwa jeki, nikaweka chuma mahali pa ngozi, nikafunga yubolti, na yeye mwenyewe akaja kuvuta spana ya mwisho akiwa amenipa mgongo. Niliendesha hadi ghalani na kurudi. Hakukuwa na mlio.

Jumatatu nilikuwa Musoma mapema. Ningeweza kufunga mdomo. Fundi mkuu angepanda, angesikiliza, asingesikia kitu, na nani angejua? Lakini ukimya wenyewe haukuwa na maelezo, na mtu wa karakana akikosa maelezo hufungua difu vilevile, na difu ikishafunguliwa miaka ile ilikaa imefunguliwa. Nilitaka lori lirudi na mimi siku hiyohiyo.

Alipanda. Niliondoka, nikasimama, nikarudi nyuma. Alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Umelifanya nini?"

Nilimpa daftari. Nikamwonyesha misalaba, siku za maji, mstari wa chaki. Alisoma hadi mstari wa mwisho. Alilala chini ya lori mwenyewe, akiwa na tochi, akaupitisha ukucha kwenye kile chuma.

"Na kabla ya hiki kulikuwa na nini?"

"Ngozi ya ng'ombe, ndugu fundi. Mimi ndiye niliyeifunga."

Alitoka chini polepole. Mafundi wawili walikuwa wamesogea.

"Mmesikia? Tangu masika ndugu yetu anaendesha lori limekalia ng'ombe!"

Karakana nzima ilicheka, na mmoja akalia "mooo" kutoka nyuma ya trekta. Niliwaacha wamalize. Fundi mkuu hakucheka muda mrefu. Alifungua bolti ya difu, akaingiza kidole chake, akakisugua na gumba, akakinusa, akaifunga bolti. Halafu akaonyesha mahali ambapo yubolti mbili za kulia zilikuwa zimelika.

"Hizi ungeendelea nazo mwezi mmoja zingekatika ukiwa na watu juu. Unajua ekseli inakwenda wapi zikikatika?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeweka ngozi." Aliniamuru nikachukue mbili zilizotumika kwenye rundo la vyuma vikuukuu, akasimama juu yangu nikizifunga, akanifanya nizifungue na kuzifunga upya. Funguo, alizozichomoa kabla ya kulala chini ya lori, zilikuwa mfukoni mwake muda wote huo. Alipozitoa hakunipa mkononi. Aliziweka juu ya daftari na kunisukumia vyote pamoja.

"Mwezi mzima, kila ukibeba mzigo, kaza nati hizi kabla ya kwenda mizanini. Andika humo. Nitasoma. Nikikuta siku imerukwa, nakuja kulichukua lori mwenyewe."

Saa nane mchana nilikuwa ghalani. Karani alikuwa ameshapanga magunia mlangoni, na alinitazama mikono kwanza kuona kama nina funguo, kisha akapiga kelele watu waanze kupakia. Hakuniuliza chochote hadi tulipokuwa barabarani, na hata hapo aliuliza tu kama fundi ana mke.

Tulipofika Kabasa, kwenye kinu cha kuchambulia pamba, foleni ilikuwa fupi, na madereva walinipungia mkono nisogee haraka kabla kinu hakijafungwa. Nilizima injini. Nilichukua spana, nikalala chini kati ya magurudumu ya nyuma, nikaanza na upande wa kulia.

"We dereva, unatuchelewesha!" mmoja alipiga kelele.

"Mwacheni," nilimsikia shemeji akijibu kutoka juu. "Hajamaliza."

Nati zilikuwa nne kila upande. Ya tatu ya kulia ilikubali robo mzunguko, nyingine hazikukubali kitu. Nilitoka, nikajipangusa mikono, nikaandika, nikalisogeza lori kwenye mizani.