Mwanafunzi wa Nane

Fani ndogo niliichagua kwa kuhesabu. Shahada yenyewe ilikuwa ya biashara, kwa mtandao, na chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na fani ndogo ya pembeni. Nyingine zilidai masomo sita, nyingine saba. Historia na tamaduni za Walatino ilidai matano. Nikahesabu tena, maana mtoto wa soko la Kongowea haamini bei ya kwanza. Matano. Nikaichukua kama shati la mtumba lenye kifungo pungufu: moyo haukulitaka, lakini mwilini lilikaa.

Nilikuwa mlinzi wa geti katika hoteli moja huko West Bay, ughaibuni nchi ya Kiarabu, na hoteli ilikuwa na mkataba na chuo hicho cha ng'ambo wa kusomesha wafanyakazi wake. Asubuhi nahesabu magari yanayoingia. Alasiri nasoma kitandani mtaa wa Al Mansoura, chumba cha watu sita. Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha dereva kutoka Tanga, mtu wa maneno.

"Wasomea watu gani tena, bwana?"

"Walatino."

"Umewahi kumwona hata mmoja?"

"Wachezaji mpira."

"Hao hata mimi nimewasomea, tena bila mtihani."

Nilicheka naye. Ila katika somo la pili tulipewa kusoma kumbukumbu za mchuma nyanya mmoja aliyevuka mpaka kwenda kaskazini. Walikuwa wanane chumba kimoja. Zamu za kupika ziliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na siku moja nusura wapigane kwa sababu mafuta yameisha na hakuna aliyekiri. Niliinua macho. Karatasi ya zamu zetu ilikuwa pale mlangoni, na kesi ya mafuta ilikuwa na siku tatu haijaamuliwa. Nikamsomea mtu wa Tanga, nikimtafsiria kutoka Kiingereza.

"Na aliyemaliza mafuta walimpata?"

Kumbukumbu hazikusema. Tangu siku hiyo sikuwa nahesabu masomo yaliyobaki kwa kutaka yaishe.

Likabaki moja, la tano: historia simulizi, kukaa na mtu akakueleza maisha yake na wewe ukaandika. Kiwango cha chini kilikuwa wanafunzi nane. Waliojiandikisha walikuwa saba. Nilifungua orodha asubuhi, nikaifungua adhuhuri. Saba. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Alhamisi, na mkataba wa hoteli na chuo ulikuwa unakwisha mwaka uleule. Lisipofundishwa sasa, kwangu halitafundishwa.

Nilimwandikia mama wa ofisi ya usajili.

"Mimi nasoma kwa bidii ya watu wawili," nikamwambia. "Nihesabu mara mbili."

"Kanuni ni nane," akajibu.

"Basi tukutane saba na nusu."

Akanitumia kikatuni kinachocheka, kisha akarudia kwamba kanuni ni nane.

Mtu wa Tanga alikuwa tayari kuniokoa, lakini hakuwa mfanyakazi wa hoteli. Walinzi wenzangu walisema wamechoka, na hilo halina bei ya kupunguza. Ndipo nikamkumbuka mpishi wa keki. Alitoka milimani, Peru, mwanamke wa makamo, na kwa miaka mitatu alikuwa akinipitishia mkate uliobaki bila kuniuliza chochote. Nilimfuata kwenye kantini ya wafanyakazi, kule chini karibu na maegesho, nikamweleza kwa Kiingereza chetu cha hoteli.

"Nisomeshwe habari za Walatino?" akasema. "Mimi kwetu ni mtu wa bonde fulani, juu kidogo ya mto. Huo Ulatino niliukuta kwenye ndege."

"Nami Uafrika nilipewa hapa getini," nikamwambia. "Nyumbani sikuwa nao."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikaona soko limechangamka, nikaongeza. Nikamwambia kazi ya kwanza ya darasa ni kuandika kuhusu jiko unalolikumbuka.

Akaacha kucheka. "Jiko la bibi yangu," akasema. "Na nikiandika, nani atasoma?"

"Mwalimu. Na sisi wenzako saba. Lazima tusome, tunapewa alama."

"Una uhakika kuna mtu atasoma?"

"Nina uhakika."

Uhakika huo niliutoa bila kuuhesabu hata mara moja.

Alijaza fomu Jumanne, palepale kantini, kidole chenye unga kikinata kwenye simu yangu. Jioni orodha ikasema nane. Nikafunga, nikafungua. Nane. Mtu wa Tanga akapika pilau ingawa zamu haikuwa yake.

Alhamisi, saa tano asubuhi, nikiwa getini, simu ikatetemeka. Mwanafunzi mmoja, sijui wa nchi gani, amejiondoa. Wamebaki saba. Somo limefutwa, wanasikitika. Nikahesabu majina mara ya pili, nikitumaini chuo cha ng'ambo hakijui hesabu. Kinajua. Nikaandika kwamba niko tayari kusoma peke yangu, kwamba mwalimu asinisahihishie kitu, anifungulie mlango tu. Barua ikanirudia palepale: anwani iliyoleta ujumbe ule haipokei majibu, na jibu la mama wa usajili nilishalijua. Kongowea hata muuzaji mkaidi ana uso, unaweza kumtazama akitazama pembeni. Hapa hapakuwa na wa kumwambia "haya, twende, nimeongeza." Gari liliingia nikalihesabu. Lingine liliingia, sikumbuki.

Saa saba nilimkuta mpishi kantini akinisubiri. Alikuwa amenunua daftari lenye jalada la bluu, jina lake limeandikwa juu kwa herufi za kupambwa kama za kwenye keki. Ujumbe wa chuo ulikuwa umetumwa kwake pia, ila hakuwa na mazoea ya kufungua barua pepe.

"Nimeshaandika," akasema. "Darasa linaanza lini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu getini, yakatoka mawili tu. Hakunilaumu. Aliangalia daftari, kisha akanisukumia juu ya meza.

"Wewe ulisema kuna mtu atasoma. Soma."

Kurasa mbili, Kihispania kitupu. Nilikuwa na Kihispania cha masomo mawili kati ya yale manne, cha kuomba chumba na kuagiza samaki. Nilisoma polepole, naye akifuatisha uso wangu. Mistari thelathini na mmoja. Niliyoielewa ilikuwa kumi na mmoja. Nikarudia, ikawa tisa, maana miwili nilikuwa nimeibuni.

"Umemwona bibi?"

"Nimemwona. Yuko jikoni. Ameinama."

"Ameinamia nini?"

Neno lilikuwa pale, mstari wa nne, ameliandika kwa utulivu kuliko mengine yote. Nililitazama; sikulijua. Nikalitazama tena. Yeye akavuta kiti karibu, akasubiri.